Sinki la Mlangoni

Jumanne, 4 Machi

Kiduchu,

Dereva anapiga honi hapo nje, kwa hiyo leo salamu ni fupi. Mama hajambo ila goti linamsumbua, na anauliza kama huko maabara kubwa wanakulisha. Nimemwambia hilo ndilo jambo pekee ambalo hujawahi kuzembea.

Barua nimeibandika juu ya boksi la barafu kwa sababu najua wewe ndiye unayelifungua. Ndani kuna chupa nne za damu. Ni za watoto wangu wa wodini, wale njiti ambao hata wewe uliwahi kuwaogopa. Wawili wameshafariki, mmoja Ijumaa, mwingine jana asubuhi nikiwa nimemshika. Tumewapa dawa ya kwanza, tukapanda kwenye ya pili, tukaazima ya tatu kutoka wodi ya wakubwa. Ni kama tunawapa maji. Daktari amebaki kujikuna kichwa.

Mimi nina ninayemshuku. Kuna mama mmoja humu, wenzake wanamwita Mama Chupa kwa sababu haachani na chupa yake ya chai. Mikono yake imejaa ukurutu, imepasuka pasuka, na nimemkamata mara mbili akipita mlangoni bila kunawa. Eti sabuni yetu inamchoma. Kitanda cha mtoto wake kiko karibu kabisa na cha yule aliyeanza kuugua. Jumamosi nimemtoa. Anakamua maziwa akiwa nje kwenye benchi, muuguzi anayapeleka ndani. Amelia sana, na wenzake hawamsalimii tena. Sina raha nalo, lakini miaka ishirini na miwili ya kazi imenifundisha kwamba uchafu hauna huruma.

Niambie ni kidudu gani na kinaogopa dawa gani. Fanya haraka, mdogo wangu.

Dada yako


Alhamisi, 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie mama nakula, na goti asilipake tena ile dawa ya jirani.

Chupa zote nne zimeotesha kimelea kimoja. Ni cha majimaji, kinapenda mabomba na sehemu zenye unyevu. Nilipoanza kazi tukikiona kwenye sahani tulikuwa tunasema ni uchafu umeingia wakati wa kuchukua damu, tunatupa, tunaendelea. Siku hizi kinaua watu. Na hiki cha kwenu kimepuuza dawa zote nilizokipangia isipokuwa moja. Jina lake nimeliandika kwenye karatasi ya daktari. Ni ghali na ni kali kwa figo, lakini ndiyo hiyo tu.

Uliniuliza zamani usugu unatoka wapi. Humo ndani ya kimelea kuna kipete kidogo cha urithi, kinaitwa plasmidi, na humo ndimo ilimoandikwa namna ya kuzishinda dawa. Kimelea hukipitisha kipete hicho kwa kingine, hata kama si vya ukoo mmoja, kama wanafunzi wanavyopeana majibu ya mtihani chini ya dawati. Kimoja kikishajua, darasa zima linajua.

Naomba upanguse kwa vijiti vya pamba kila mahali: vitanda, mizani, mashine za joto, mikono ya wauguzi, na popote penye majimaji. Lile sinki la mlangoni, bado mnalitumia? Nauliza tu.

Kuhusu huyo mama, ningesubiri kidogo kabla ya kumhukumu.

Mdogo wako


Jumanne, 18 Machi

Kiduchu,

Dawa imepatikana, na wale wawili waliobaki wameanza kunyonya. Mungu akulinde. Nilimwonyesha daktari barua yako ya kitaalamu, nikajidai kabisa kwamba ni mimi niliyekufundisha kusoma.

Nimekuletea vijiti thelathini na kimoja. Nimepangusa mpaka kitasa cha mlango wa ofisi yangu na miwani ya daktari, akacheka. Sinki sijalipangusa. Hivi nani anapima sabuni kama ina uchafu? Pale ndipo tunapoacha uchafu wetu kabla ya kuingia. Unakumbuka nilivyolihangaikia sinki lile, barua nne kwa mganga mkuu, mpaka wakachoka na mimi. Kila mtu hapa analiita Sinki la Sista, na wewe leo unaniuliza kama bado linatumika!

Linatumika kuliko zamani. Tangu Jumamosi nimeweka amri: kila mama ananawa mara tatu kabla ya kumgusa mwanawe, na mara tatu akitoka. Wananichukia, lakini wananawa. Kuna mmoja ni mshonaji nguo, mtoto wake wa kwanza baada ya kusubiri miaka tisa. Hana kilo moja na nusu lakini ana sauti ya mnadani. Huyo mama ananawa mpaka vidole vinakunjamana. Nimewaambia wenzake wamwige.

Mama Chupa bado yuko nje. Mtoto wake hajaugua hata siku moja, nadhani kwa sababu nilimwahi mapema.

Dada yako


Alhamisi, 20 Machi

Dada,

Funga sinki. Leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu. Mwambie fundi afunge bomba, uweke mbao juu, asinawe mtu hapo, hata wewe. Watu wanawe kwa maji yaliyochemshwa, yamiminwe kwa jagi juu ya beseni, kisha mpake spiriti. Vikombe vya maziwa vinavyokaushwa kando ya sinki viondoe vyote uvichemshe. Maji ya bomba lile yanaanguka moja kwa moja kwenye tundu, na yanarusha matone juu tena, kwenye mikono, kwenye aproni, kwenye vikombe.

Ukishafunga, chukua kijiti kirefu, kiingize ndani ya tundu mpaka kiguse ule utelezi, uniletee. Vijiti vyako thelathini na kimoja mpaka sasa havijaota kitu.

Nilikupigia simu Jumapili nikiwa nimekusudia kukwambia haya. Ukapokea, nikakuuliza goti la mama, tukaishia hapo. Nilikupigia tena jana, simu yako ikawa kwenye droo kama kawaida yako ukiwa zamu. Nisamehe. Mengine nitayaandika.

Mdogo wako


Jumanne, 25 Machi

Kiduchu,

Sinki lilifungwa Ijumaa, dakika kumi baada ya dereva kunipa barua. Nimeligongelea mbao mimi mwenyewe kwa sababu fundi alikuwa anazungukazunguka. Kijiti kirefu kimo ndani ya boksi. Kilitoka na utelezi mweusi, na harufu yake sijui niifananishe na nini.

Mtoto wa mshonaji alipandisha homa Jumatano, siku moja kabla hujaandika. Ile dawa ilikuwa imebaki ya siku mbili, na wale wawili walikuwa bado hawajamaliza. Tukawagawia wote watatu kidogo kidogo. Amefariki Jumamosi alfajiri. Mama yake alikunja nguo zote ndogo alizokuwa amemshonea, moja moja, akaniuliza kama kuna mtoto hapa hana nguo.

Sasa nisikilize. Jana nilimrudisha Mama Chupa ndani. Kabla ya hapo nilikaa naye kwenye benchi, nikamuuliza taratibu kwa nini alikuwa hanawi. Kumbe alikuwa ananawa kila siku, nje kwenye ngazi, kwa maji ya moto ya kwenye chupa yake na sabuni ya kipande ambayo haimchomi. Mimi nilikuwa namwona akipita sinki, basi nikahesabu hajanawa. Siku ishirini na tatu nimemweka mbali na mwanawe, na upande ule mzima ni mtoto wake tu ambaye hajaguswa. Nilimwomba radhi. Alifungua chupa, akanawa, kisha akanimiminia na mimi, tukaingia.

Kiduchu, ulijuaje? Vijiti havijaota kitu, sinki sijalipangusa, na wewe uko mbali siku nzima ya gari. Ulijuaje kwamba ni sinki? Barua ya tarehe kumi na tatu umeuliza, ukasema unauliza tu. Mimi nimekulea. Najua ukiwa unauliza tu na ukiwa unaficha.

Dada yako


Alhamisi, 3 Aprili

Dada,

Tumekipima kijiti chako. Kimelea cha kwenye tundu ndicho kile cha kwenye damu.

Miaka sita iliyopita, nilipokuwa kibarua kwenye maabara yenu ndogo nyuma ya ukuta wa sinki lile, mtungi wa mvuke uliharibika. Kazi yake ilikuwa kuua vimelea vyote tulivyokuwa tumeviotesha kabla ya kuvitupa. Tuliambiwa kipuri kinakuja. Chupa zenye supu za kuoteshea zilijaa mpaka sakafuni. Nikaanza kuzimimina kwenye bomba la maabara, lile lile linalopokea maji ya sinki lako, kila jioni, na kifuniko kimoja cha klorini juu yake. Kifuniko kimoja, Dada, kwa ndoo nzima. Nilifanya hivyo miezi kumi na moja. Kwenye daftari kuna sehemu ya kuandika “vimechemshwa” na kuweka saini. Niliandika na nikasaini, kila siku, kwa mwandiko mzuri.

Mle kwenye supu kulikuwa na kimelea cha mzee mmoja aliyekuwa na kidonda cha mguu. Kilishinda kila dawa, kikatushangaza, tukatuma sampuli yake hapa maabara kubwa ikahifadhiwa. Juzi nimeitoa kwenye jokofu. Kimelea cha mzee ni aina nyingine kabisa na hiki cha watoto. Lakini kipete ni kile kile. Kilihama humo bombani, kikaenda kwa kimelea cha maji ambacho hakikuwa na makali yoyote, kikakipa.

Hapa ndipo ninapotaka unifikirie vibaya kama ninavyostahili. Hakuna aliyeniambia nifungue jokofu. Ningeweza kuandika kwenye ripoti kwamba kimelea cha zamani na cha sasa havifanani, na ningekuwa nimesema kweli tupu. Rasimu ya ripoti hiyo nimeiandika, ninayo.

Na tarehe kumi na tatu nilikuwa nashuku. Nilipoona tu ni cha majimaji, nililikumbuka bomba. Nikaandika “nauliza tu” kwa sababu kukwambia funga sinki ingebidi nikwambie kwa nini. Nilijiambia dada yangu ni hodari, atalipangusa mwenyewe, itajulikana bila mimi kusema. Wakati mimi najiambia hivyo, wewe unawaambia kina mama wanawe mara tatu. Mtoto wa mshonaji nimemuua kwa wiki moja ya woga.

Kiduchu


Jumanne, 8 Aprili

Nimesoma barua yako chooni ili wauguzi wasinione.

Nilitaka kukuandikia matusi na nimeshachana karatasi mbili. Kinachonikwamisha ni hiki. Nilijua mtungi umeharibika. Uliniambia mwenyewe, tukiwa tunakula jikoni kwa mama, kwamba unataka kwenda kwa mganga mkuu. Nikakwambia funga mdomo, wewe ni kibarua, ajira yako inathibitishwa mwezi wa saba, usijifanye mtetezi wa dunia. Sikukuuliza uchafu mtaupeleka wapi. Nilikuwa nataka mdogo wangu apate kazi.

Na sinki ni langu. Fundi bomba aliniambia wodi inatakiwa iwe na bomba lake la kutoa maji mpaka nje, kazi ya wiki tatu, kuta zivunjwe. Nikamwambia liunganishe na la maabara, liko hapo hapo nyuma ya ukuta. Nilikuwa na haraka ya kuwanawisha watu. Yule fundi akanitazama akasema, “Sista, haya maji ni ya wodi na yale ni ya maabara.” Nikamjibu kwamba maji ni maji.

Mama ananiuliza kwa nini silali. Sijamwambia.

Hiyo rasimu yako ya ukweli tupu, umeipeleka? Kama umeipeleka usiniandikie tena.


Alhamisi, 10 Aprili

Dada,

Nimeichana. Jumatatu, kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimeshampelekea mkuu wangu ripoti yenye mambo yote: sampuli ya mzee wa kidonda, kipete, bomba, na nakala za kurasa za daftari zenye saini yangu. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Aliniuliza kama naelewa kwamba ningeweza kunyamaza. Nikamwambia nilishanyamaza, nimeona matokeo yake.

Nimesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Habari zimeshapelekwa kwenye hospitali nyingine ambazo wodi na maabara zina bomba moja, na kwenu watakuja kung'oa mabomba yote. Jina lako sikulitaja. Kuhusu jikoni kwa mama na kuhusu fundi, hayo ni yako kuyasema au kutoyasema.

Sijui niwaandikie nini kina mama wale watatu. Nimejaribu. Kila nikianza na neno “kwa bahati mbaya” nakata.

Mdogo wako


Jumanne, 22 Aprili

Kiduchu,

Ya fundi na ya jikoni nimeyasema mbele ya kamati. Mganga mkuu alitaka kunikatiza, nikamwomba aniache nimalize. Watanipa barua yao, nami nitaipokea.

Kina mama nimewafuata mwenyewe. Huwezi kumwandikia mtu jambo kama lile. Wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungulia mlango nitoke. Wa pili amehama, nimeacha ujumbe kwa shemeji yake. Wa tatu ni mshonaji.

Nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi, cherehani iko dirishani, anapindisha suruali ya mtu. Aliponiona aliacha. Akanivutia stuli, na kabla sijafungua mdomo akaniambia alijua nitakuja, kwamba amekuwa akinisubiri, na kwamba ana jambo la kuniungamia. Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi ndiye niliyekuja kuungama.

“Sista, ulituambia mara tatu,” akasema. “Nilikuwa nanawa tatu, na nikirudi nyumbani nanawa tena. Lakini Jumatatu ile alilia. Alilia ile sauti yake, nikaisikia nikiwa pale mlangoni. Nikanawa moja tu, nikakimbia. Sikumwambia mtu. Jumatano akapata homa.”

Akashika mikono yangu miwili, Kiduchu, akaniomba nimsamehe.

Nilimweleza yote. Bomba, sinki, amri yangu, daftari lako, wiki yako ya kunyamaza. Sikupamba wala sikupunguza. Nilimwambia kwamba mikono yake ilikuwa misafi alipotoka nyumbani, na kwamba kila mara aliponawa pale ndipo alipochafuka. Aliikunja suruali iliyokuwa mapajani mwake. Nilidhani atanifukuza, na nilitaka anifukuze.

“Kwa hiyo siku ile alipolia,” akasema, “ningeenda tu nikambeba.”

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, kwa maneno yale yale, nikamwambia tena ndiyo.

Anataka kukuona. Hajasema anataka kukwambia nini, na mimi sikumuuliza. Nimemwahidi kwamba Jumamosi utakuja. Panda gari la Ijumaa, nitakupokea kituoni, tutakwenda wote.

Dada yako